Kofia Niliyoikana

Kofia ile ilikaa juu ya kabati langu siku nne, imefunikwa na leso ya Mama, na kila nilipoingia chumbani nilihisi inanitazama. Watu husema mimi, Swabaha, ni msichana jasiri. Shuleni nilibishana na walimu, ofisini nabishana na madereva wa malori, na sokoni hakuna muuza ndizi aliyewahi kunipunja. Basi jasiri huyo alikuwa akiogopa kofia. Nilikuwa nikivua nguo gizani ili nisiione.

Kama huzijui kofia za mkono, nikueleze, kwa sababu aibu yangu yote imeshonwa humo. Ni kitambaa cheupe kinachotobolewa matundu madogo kwa sindano, kila tundu likazungushiwa uzi, na matundu yakipangwa huwa maua au nyota au chochote anachotaka mshonaji. Kazi hiyo huchukua miezi. Wako wanaozishona kuuza, lakini sisi hatuuzi, na mtaa mzima huku Mji wa Kale wajua kuwa hatuuzi. Nyumbani kwetu mwanamke humshonea babake, nduguye au mumewe. Tena marehemu bibi yangu mzaa baba, aliyetufundisha, alikuwa na alama yake. Katika kila kofia aliliziba tundu moja kwa uzi, nyuma pale kisogoni. Hakujua kuandika, kwa hivyo hilo ndilo lilikuwa jina lake. Sote tumelirithi.

Mimi nilimshonea kofia Kamaludin Baya. Miezi minne, mlango nimeufunga, na nilipofika kisogoni nikaliziba tundu la bibi huku natabasamu peke yangu.

Kamaludin ni dereva wa kreni bandarini Kilindini. Kwao ni Mariakani. Babake ni Mgiriama aliyesilimu ujanani. Ofisi ya klaringi, ya kutoa mizigo ya watu bandarini, ninakofanya ukarani iko karibu na geti la bandari, na mchana watu wa ofisi na watu wa bandari hula kwa mama mmoja anayepika maharagwe ya nazi. Siku ya kwanza alinipisha kwenye foleni. Siku ya pili akanipisha tena. Siku ya tatu nikamwuliza, "Wewe huna njaa?" Akasema, "Ninayo. Lakini nikisimama nyuma yako sioni foleni kuwa ndefu." Maneno ya kijinga kabisa, nami nikayacheka mpaka jioni.

Mwaka mzima tukapendana kwa adabu: salamu, simu, na mchana kwenye benchi la mama yule, huku Dama, mwenzangu wa ofisini, amekaa katikati yetu akila chakula chake bila haraka. Kamaludin alitaka kuja kuposa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia asubiri. Kwetu, wenzetu wa Mariakani na Kaloleni huitwa watu wa juu, yaani wa mashambani. Huja wakaleta nazi na kuni, wakapewa maji ya kunywa, wakaenda zao. Hawakai ukumbini wakaomba binti. Sikumbuki mtu aliyenifundisha hivyo. Nilikua na wazo hilo tu, na sikuwahi kulihoji.

Ami Badi, ndugu wa marehemu baba, ndiye mkubwa wa nyumba yetu na ndiye walii wangu wa kuniozesha. Yeye ni msimamizi wa zamu bandarini, na kila Idi Pili huwaalika vijana wake waje kunywa kahawa. Mwaka huu Kamaludin alikuwa katika zamu yake.

"Nitakuja," aliniambia. "Wanione kwanza. Wakishaniona, Jumapili inayofuata baba atakuja na wazee."

Hakuniambia atavaa nini, na mimi sikuuliza. Lakini mtu aliyeshonewa kofia na mpenziwe angevaa ipi siku ya Idi?

Siku hiyo ya Idi walikuwa wanaume wanane ukumbini kwetu. Shangazi Nasiha, dadake Ami Badi, alistaafu ualimu miaka mingi iliyopita lakini macho yake hayajastaafu. Alikuwa akipitisha sahani ya kaimati. Alipofika kwa Kamaludin akasimama.

"Mwanangu, hebu nipe kofia yako niione."

Kamaludin akaivua kwa mikono miwili, akampa. Mimi nilikuwa mlangoni, nimeshika dele la kahawa. Shangazi akavaa miwani, akaigeuza kofia, akaitazama kisogoni kwa muda.

"Hii ni ya nyumba hii," akasema. "Badi, tazama. Tundu la mama hili hapa. Na mkono ni wa Swabaha. Swabaha, ndoo hapa."

Nikaenda. Miguu ilikwenda, mimi nilibaki nyuma.

"Kofia hii ulimshonea huyu?"

Mama alikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Niliviona vidole vyake vimelishika. Uso wa Ami Badi ulikuwa umeanza kujifunga. Nikawaza atakavyosema Ami, watakavyosema majirani, watakavyosema binamu zangu wa Kizingo wanaojifanya hawajui njia ya kuja kwetu. Niliwaza kila mtu isipokuwa yule aliyekaa mbele yangu kichwa wazi.

"La, shangazi. Simjui huyu."

"Basi imefikaje kichwani mwake?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kulia, kulidondosha dele, kuanguka, chochote. Badala yake nikafungua mdomo, na uongo ukatoka umepangika, kana kwamba nilikaa usiku kucha nikiutunga.

"Ilinipotea. Niliishona ya kuweka kabatini; niliifua, nikaivalisha faroma, nikaiweka dirishani ikauke. Nilipokwenda kuichukua nikakuta faroma tupu."

Faroma ni kile kigogo cha duara cha kukaushia kofia. Nilikitaja hata hicho, ili uongo wangu usipungukiwe na kitu.

Ami Badi akamgeukia Kamaludin. "Kijana, umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Umeipata wapi?"

Kamaludin akanitazama. Nimeshatazamwa na mwanamume huyu mara nyingi: kwa mzaha, kwa hamu, kwa wivu kidogo siku dereva mmoja aliponisifu. Siku ile alinitazama kama mtu anayesubiri. Alisubiri muda wa kutosha. Mimi nikayatazama maua ya zulia.

"Kama mwenyewe asema ilipotea," akasema taratibu, "basi na imrudie mwenyewe."

Akainuka, akawaaga wakubwa mmoja mmoja kwa mkono, akatoka kichwa wazi. Simu yake ilikuwa mfukoni. Ndani yake kulikuwa na sauti yangu ikimwuliza kipimo cha kichwa chake, na picha niliyompelekea usiku nilipoimaliza kofia. Hakuitoa.

Shangazi akanirudishia kofia. "Ichunge safari hii," akasema.

Siku ya nne, kazini, Dama aliingia kutoka kula, akaweka mkoba mezani kwa kishindo.

"Leo sikukuita twende kula," akasema, "kwa kuwa sikutaka kukaa nawe."

"Dama..."

"Ngoja nimalize. Wajua wanamwitaje bandarini? Kamaludin Faroma. Ami yako aliwasimulia watu getini, asubuhi zamu ikiingia, tena kwa kicheko. Sasa akiingia kwenye banda la kuvalia sare, watu wanafunga mikoba yao. Mtu ambaye mwaka jana aliokota simu ya mzungu wa meli akaizungusha bandari nzima mpaka akampata mwenyewe!"

"Sikujua Ami atasema."

"Ulifikiri atafanya nini na maneno uliyompa? Atayala?" Akaketi, akaniangalia, na sauti yake ikashuka. "Swabaha, mimi nami natoka Kaloleni. Mwaka mzima nimekaa katikati yenu nikila wali wangu, nikijiambia rafiki yangu hana mambo hayo. Sasa niambie. Siku nikija kwenu na ushungi ulionipa wewe, utasema nimeuokota wapi?"

Nikajifunika uso kwa karatasi ya mzigo wa mtu, nikalia ikalowa, na mchana ule nikalazimika kuichapa upya.

Jioni ile saa kumi nilimngojea Kamaludin karibu na uwanja wa Tononoka, njia anayopita akirudi chumbani kwake. Nilikuwa na kofia ndani ya mfuko wa karatasi. Aliponiona hakukwepa. Afadhali angekwepa.

"Masalkheri, Swabaha."

"Akheri." Nikamvuta kwa macho tusogee nyuma ya kibanda cha kuuzia soda kilichofungwa, pasipo watu. Akaja. "Kamaludin, nimekuja kukuomba radhi. Sina la kujitetea. Niliogopa, nikakutupa. Nisamehe."

"Nimekusamehe."

Alisema upesi mno, nikachanganyikiwa. "Kweli?"

"Nilikusamehe kabla sijafika mwisho wa uchochoro wenu. Ungeona jinsi ulivyokuwa ukitetemeka na lile dele, ungejisamehe hata wewe."

Nikaitoa kofia mfukoni. "Basi ivae."

Hakunyoosha mkono. "Hiyo siwezi."

"Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe mimi. Lakini nikiivaa leo, nitakuwa nimevaa kofia ya wizi. Nikutane na Ngowa wa zamu yetu pale kona, atasema nini? Faroma amerudi dirishani." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Swabaha, tazama tulipo. Ulinikana ukumbini, watu wanane wakisikia. Na kuniomba radhi umenileta nyuma ya kibanda."

Nikatazama. Kweli, kulikuwa na kreti za soda, paka mmoja, na sisi. Hata katika kuomba radhi nilikuwa nimemficha.

"Mara moja baba yangu alimtuhumu jirani, mzee Kazungu," akaendelea. "Alisema amehamisha jiwe la mpaka wa shamba. Alilisema matangani, watu wakila. Baadaye akaliona jiwe lile lile mahali pake, limemezwa na majani. Siku hiyo hiyo akaenda kuomba radhi. Mzee Kazungu akampa kiti, akampa maji, akamwambia, mimi nimekusamehe, sasa nenda ukaniombee kwa wale uliowaambia. Baba akangoja miezi mitatu mpaka kukawa na matanga mengine, watu wale wale. Akasimama sahani mkononi. Mimi nilikuwa mtoto, nimekaa karibu naye. Niliona aibu mpaka nikatamani kuingia chini ya mkeka. Leo nikiulizwa babangu ni mtu gani, hiyo ndiyo siku ninayoisimulia."

"Wataka nikajiaibishe mbele yao?"

"Sitaki. Ningetaka ningeitoa simu."

"Kwa nini hukuitoa?" Swali hilo lilikuwa limenikaba siku nne. "Ungesema neno moja tu, Kamaludin! Ungenionyesha!"

"Ningekutoa mwongo mbele ya mamako, siku ya Idi. Nilikuja kukuomba, Swabaha. Sikuja kukuvua nguo."

Nililia. Sikulia kwa madaha kama wanavyolia wanawake wanaotaka kubembelezwa. Nililia kwa makamasi, na yeye akageuka upande ili nijifute bila kuonwa. Hata hapo alinistiri.

"Na wazee?" nikauliza nilipoweza. "Wanakuja Jumapili?"

"Baba ameshashona kanzu mpya. Sijajua nitamwambiaje. Nikimwambia mambo yameharibika, atauliza mimi nimekosa nini, kwa kuwa yeye huanza na mwanawe. Kabla ya Jumamosi adhuhuri nitampigia asitoke." Akaitazama kofia mkononi mwangu, akanyoosha kidole, akaligusa lile tundu lililozibwa. "Bibi yako angekuwa hai, ungesema vile mbele yake?"

Akaenda zake, amekunja mikono nyuma kama mzee. Nilibaki na paka.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa akichambua mchele sebuleni. Nikapiga magoti mbele ya sinia nikamwambia yote. Nilitegemea kofi. Mama akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Najua," akasema.

"Wajua nini?"

"Miezi minne mlango umefungwa, wapitisha uzi huku wacheka peke yako. Kofia ya kuweka kabatini haichekewi hivyo. Siku ya Idi kijana yule alipoingia ukumbini, nikaiona kofia nikiwa nyuma ya pazia la jikoni, na nikajua mwenyewe ni huyu."

"Mama! Na ulinyamaza?"

Mkono wake ukasimama. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona mama yangu akishindwa kunitazama. "Nilinyamaza. Nilijiambia, bora aondoke yeye abaki mwanangu na jina lake. Mtu wa watu. Hata maji sikumpa." Akakusanya mchele kwa viganja, akautawanya tena. "Lakini yamepita, Swabaha. Usiyachimbe. Ami yako akijua ulidanganya ukumbini kwake, hutaposwa na huyu wala na mwingine. Watu watasahau."

"Yeye wanamwita Faroma, Mama. Kila asubuhi."

Mama akalisukuma sinia kando, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sitakuwa na nguvu ya kusimama nawe."

"Sikuombi usimame. Usinizuie tu."

Nikamwendea Ami Badi. Nikamwomba awaite tena vijana wake Ijumaa baada ya swala, kwani nilikuwa na la kusema kuhusu kofia. Akaelewa alivyotaka kuelewa. "Umejua mengine juu ya yule kijana?" akauliza, na masharubu yake yakachangamka.

"Ndiyo, Ami. Nimejua mengine."

Ijumaa wakaja wote isipokuwa Kamaludin, ambaye bila shaka hakualikwa. Ngowa alikuwepo, na wale wengine, na Shangazi Nasiha na miwani yake. Nikashika dele lile lile. Nilikuwa nimeazimia kuliweka chini kwanza, lakini mikono ilikataa, kwa hivyo nikasimama katikati ya ukumbi nimelikumbatia kama mtoto mchanga, kofia juu ya mkono.

"Sema, mwanangu," akasema Ami Badi.

"Kofia haikupotea," nikasema. "Haikuwahi kuwekwa dirishani. Niliishona mimi, miezi minne, na nilimshonea Kamaludin. Nilimpa kwa mkono wangu. Namjua. Namjua mwaka mzima. Hajanigusa, hajanivunjia heshima. Alitaka kuja kuniposa, mimi nikawa namkataza kwa kuwa nilionea haya asili yake. Shangazi aliponiuliza nikadanganya. Yeye alikuwa na ushahidi mfukoni, akauacha humo ili nisiaibike. Basi aibu ni yangu. Nimekuja kuichukua."

Ngowa aliitazama kahawa yake kama anayetafuta kitu ndani. Kama pangekuwa na mlango karibu ningekimbia, lakini nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi makusudi kwa kuwa najijua.

Wa kwanza kusema alikuwa Shangazi Nasiha. Akavua miwani. "Mkono nilijua ni wako," akasema. "Ulimi ndio sikuujua. Na tundu lile ni la mama yangu, Swabaha. Ulimkana na yeye."

Hilo liliniuma kuliko yote, kwa sababu ndilo alilokuwa ameligusia Kamaludin.

Ami Badi akainuka. Ni mtu mrefu, na alipoinuka nilifumba macho.

"Ilete hapa," akasema.

Nikampa kofia. Nilidhani ataichana. Akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu, na nilipothubutu kuinua macho nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona: Ami Badi alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Mwaka mzima," akasema. "Nyumbani kwangu. Ukinitazama usoni kila siku na kunipa mkono."

"Ndiyo, Ami."

"Na mimi nikasimama pale getini, mtu mzima na ndevu zangu, nikawachekesha watu juu ya kijana wa watu." Hakuwa akinisemesha mimi tena. Akatoa kitambaa cha mfukoni, kilichopigwa pasi, akaifunga kofia ndani yake vizuri, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Ngowa. Kesho zamu inaingia saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, mzee."

"Wenzako wote wawe getini saa moja kasoro robo." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe usidhani nimekubali lolote. Sijakubali. Ondoka mbele yangu."

Nikaondoka. Nyuma ya pazia la jikoni Mama alinipokea dele, akanishika mkono, na viganja vyetu vyote viwili vilikuwa vimelowa jasho.

Jumamosi nilifika ofisini kabla ya mfagiaji. Dama alikuwa ameshanitangulia. Ngowa alikuwa amempigia simu. Hakunisalimu, lakini alikuwa amekifuta vumbi kioo cha dirisha linalotazama geti.

Walikuwa watu kama hamsini pale chini, na sare zao na kofia ngumu mikononi. Ami Badi alisimama mbele yao katika kanzu, siku ya kazi. Kamaludin alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Sikusikia maneno kwa sababu ya malori. Niliona tu mkono wa Ami ukipanda na kushuka, na watu wale wakiinamisha vichwa mmoja mmoja, kila mmoja akiwa na mkoba aliowahi kuufunga. Ilichukua muda. Ami yangu si mtu wa kuomba radhi, na maneno hayo hayakuzoea kinywa chake.

Kisha akakifungua kile kitambaa. Kamaludin akainama, maana ni mrefu kumshinda hata Ami, na Ami Badi akamvalisha kofia kwa mikono miwili, akaiweka sawa, akamshika bega. Akasema neno moja zaidi. Baadaye Ngowa alituambia lilikuwa swali: "Babako hunywa kahawa chungu au ya tangawizi?"

Lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye. Pale dirishani nilijua tu kwamba Kamaludin alisimama wima, akainua uso, akalitafuta dirisha letu. Na watu wote hamsini wakageuka kutazama anachotazama.

Aibu ikanirudia yote kwa mkupuo. Mkono wangu ukaenda kwenye pazia wenyewe, kwa mazoea.

"Swabaha," Dama akanong'ona, "wanakuona."

Nikaliachia pazia.

"Na wanione," nikasema.